Video haikuichafua shule

Kila inaposambaa mtandaoni picha ya wanafunzi waliokaa sakafuni, viongozi wa elimu wilayani huwa na jibu lile lile: aliyeirusha anaichafua shule, angefuata taratibu. Wazazi wengi nao huitikia. Basi tuzitazame hizo taratibu. Katika shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania, malalamiko ya mzazi hupelekwa kwenye kamati ya shule, ambayo katibu wake ni mwalimu mkuu. Anayelalamikiwa kwa michango ya uji, mlinzi na mitihani ndiye anayeandika muhtasari wa kikao. Asipoliandika, halikusemwa.

Viboko navyo vina taratibu. Kanuni za mwaka 2002 zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kuchapa viboko visivyozidi vinne, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mwishoni mwa Septemba 2016, walimu wa mazoezi walimzonga mwanafunzi mmoja wa shule ya sekondari ya Mbeya Day ofisini kwao, wakamshambulia kwa ngumi, mateke na fimbo. Kilichowaamsha mawaziri mwezi uliofuata hakikuwa kitabu cha adhabu; ilikuwa video ya simu. Ndipo walimu wale wakafukuzwa vyuoni na mkuu wa shule akavuliwa madaraka. Anayesema video iliichafua shule atuambie ngumi zilifanya nini.

Watasema mtandao umejaa uzushi. Umejaa kweli, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo. Ila si uzushi unaowakera wakubwa. Mwaka 2005, blogu zikiwa bado changa, serikali ililipiga marufuku shirika la HakiElimu kufanya na kuchapisha utafiti kuhusu shule, na ripoti yake kuhusu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ilitokana na tathmini za serikali yenyewe! Hoja nzito zaidi ni staha ya mtoto: nchi nzima ilimwona kijana wa Mbeya akipigwa, bila yeye kuombwa ruhusa. Hapo nakubali, sura ifichwe na jina lisitajwe. Lakini ofisa anayedai kumlinda mtoto huku akimsaka aliyerekodi anajilinda yeye. Kuhusu fedha, dawa ya uzushi ipo siku nyingi: ruzuku ya elimu bila malipo huingia kwenye akaunti ya shule, na mapato na matumizi yanatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Mzazi akikuta ubaoni ratiba ya mitihani na tangazo la sare tu, hesabu ataiulizia WhatsApp, na atajibiwa na yeyote mwenye bando.