Msituletee Tabora ya 1958

Kila wapinzani wanapozungumzia kususia uchaguzi, hujitokeza mtu mwenye shahada, mara nyingi mwenzangu wa chuoni, akaikumbusha hadhira habari za Tabora. Januari 1958, husema, wajumbe wa TANU walikutana katika mji ule wakiwa wamewekewa mbele yao uchaguzi wa dhuluma: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na haki yenyewe ya kupiga kura ipimwe kwa kipato, elimu au cheo. Wengi walitaka kuususia. Mwalimu Nyerere akawashawishi washiriki, Zuberi Mtemvu akajitenga na kuanzisha African National Congress, na TANU ikazoa viti. Ndio Uamuzi wa Busara. Somo likaishia hapo: anayesusa hana busara.

Hoja hii inarudiwa mno kuliko inavyochunguzwa. Busara ya Tabora ilisimama juu ya sharti moja ambalo wasemaji hawa hawalitaji: majina ya wagombea wa TANU na ya wale waliowaunga mkono yalifika kwenye karatasi ya kura. Serikali ya Gavana Twining iliichukia TANU na kukipa moyo chama cha UTP kishindane nayo. Lakini UTP ilishindwa kwenye sanduku. Mkoloni aliiba haki ya mpiga kura mchana kweupe, kwa sheria iliyochapishwa. Hakumngoja mgombea dirishani ili amwambie kwamba amekosea kujaza fomu.

Sasa tutazame uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 24, 2019. Wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kabla ya kampeni, na sababu zilizotajwa zilikuwa za kalamu: fomu haikujazwa sawasawa, jina la chama limeandikwa kwa kifupi. Chadema ikajitoa, vyama vingine vikafuata, na CCM ikatangazwa kushinda kwa zaidi ya asilimia 99. Katika maeneo mengi hapakuwa na kura yoyote. Mgombea alipita bila kupingwa. Miaka mitano kabla, mwaka 2014, wananchi hawa hawa waliwapa wapinzani mamia ya mitaa na zaidi ya vijiji elfu moja. Atakayetuambia kwamba vijiji vyote hivyo vilibadili mawazo kwa hiari, atuambie pia kwa nini ilihitajika kalamu nyekundu.

Watetezi hujibu kwamba Waziri wa TAMISEMI wa wakati ule, Selemani Jafo, aliagiza walioenguliwa warejeshwe, na vyama ndivyo vilivyokataa. Ni kweli, na hapo ndipo penye tatizo. Mgombea anayerudishwa kwa tamko la waziri anaweza kuondolewa kwa tamko la waziri. Waziri huyo ni mwanachama wa chama kinachoshindana. Kwa lugha ya mpira, mchezaji ndiye mwenye filimbi.

Zamani walizuia mpiga kura. Huko Vancouver, Kanada, mwanzoni mwa karne ya 20, watu wenye asili ya China, Japani na India hawakuruhusiwa kumchagua meya, na iliwabidi wangoje hadi mwishoni mwa miaka ya 1940. Sisi tumebuni njia ya kistaarabu zaidi: mpiga kura aandikishwe, ahimizwe kwa vipaza sauti, kisha akute hana wa kumchagua.

Wako wanaodhani huu ni ugomvi mdogo, wa vitongoji. Waende Ulyankulu. Makazi yale yalifunguliwa mwaka 1972 kuwapokea wakimbizi wa Burundi, na kwa miongo kadhaa yalikuwa chini ya mkuu wa makazi aliyeteuliwa na Wizara ya Mambo ya Ndani. Watu walilima tumbaku na mahindi, wakazaa na kuzika hapo, lakini kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Katika Ulyankulu, Katumba na Mishamo, watu wapatao 162,000 walikubaliwa uraia, kwanza kwa sharti la kuhama, na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Tofauti kati ya mkuu wa makazi na mwenyekiti wa kijiji ni kwamba huyu wa pili huondolewa kwa kura. Ikiondolewa kura hiyo, mtu amevuka kutoka ukimbizi kuingia uraia akakuta utawala ni ule ule, umebadilishwa kofia.

Na mwenyekiti si mwandishi wa barua za utambulisho tu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi, na serikali inapotaka kuhamisha ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji una uwezo wa kukataa. Ni nani ataongoza mkutano wa kukataa, ikiwa kiti chake amekipata kwa hisani ya walioleta ombi?

Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya 2024 iliitaja Tume kuwa msimamizi wa chaguzi hizi, kwa kufuata sheria itakayotungwa na Bunge. Sheria hiyo haikutungwa kwa wakati. Novemba 27, 2024 TAMISEMI ikasimamia tena, na matokeo yakarudi pale pale, karibu asilimia 99. Bunge liitunge kabla ya 2029, na iseme wazi kwamba kosa la kuandika hurekebishwa papo hapo dirishani.

Neno langu la mwisho ni kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, hasa wale watakaoteuliwa kuwa wasimamizi wasaidizi. Fomu itakapoletwa kwako, ipokee, weka muhuri na saa, mpe mgombea nakala. Ukiagizwa kuikataa, omba agizo hilo kwa maandishi.