Kabati la Kalamu Litengenezwe Hapa Hapa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo lililozungumzwa sana mabwenini na hata katika mkutano wa wazazi, yaani kabati la kuonyeshea kalamu za wino ambazo wazee waliosoma na kufundisha hapa wameipa shule yetu. Wengine wasema linunuliwe la alumini na vioo kutoka Dar es Salaam. Mimi nasema tulitengeneze wenyewe kwa mbao.

Kwanza nawajibu wanaouliza kalamu kuukuu zina kazi gani. Lewis Waterman alipewa hataza ya kalamu yake huko Marekani mwaka 1884, na kwa miaka mingi makarani, walimu na wanafunzi waliojiweza waliandika kwa kalamu za namna hiyo, wakizijaza wino na kuzifuta nibu kwa kitambaa. Biki ilipotokea Ufaransa mwaka 1950, mambo yakaanza kugeuka. Sisi wa leo wino ukiisha twatupa peni. Wazee wale walitunza kalamu moja miaka na miaka. Mojawapo ya hizi tulizopewa imetafunwa mwishoni kama mua. Kwangu hiyo ndiyo nzuri kupita zote.

Sasa kabati. Kalamu hizi si vikombe vya mpira wa miguu vya kupangwa dirishani. Zile za mpira mgumu mweusi hugeuka rangi ya kahawia zikikaa katika mwanga mwingi, na zile za zamani za seluloidi zaweza kutoa mvuke unaoharibu jirani zake zikifungiwa pasipo hewa. Basi kabati la vioo pande zote halifai. Yafaa la mbao, lenye droo fupi kwa kina, kila droo ichongwe mifereji midogo ya kulaza kalamu, na nyuma kuwe na matundu ya hewa.

Tena bonde letu lina unyevu. Masika, mto Kilombero ukifurika, milango ya mabweni hukataa kufunga, na kiangazi hulegea yenyewe. Fundi asiyejali hugandisha ubao mpana kwa gundi na misumari pande zote, nao ukinywea hupasuka. Ubao wa nyuma yapasa uingizwe katika mfereji wa fremu bila gundi, upate nafasi ya kutanuka na kunywea.

Juu ya mti, wengi wapenda mninga, nami sikatai kwamba ubao wake umetulia, hautanuki wala kunywea sana. Lakini mninga hutoka msituni, na misitu ya bonde hili imepungua mbele ya macho ya wazazi wetu. Mtiki, ambao watu wa pwani waliuita msaji, hupandwa. Kampuni ya Kilombero Valley Teak ilianzishwa mwaka 1992, na mashamba yake yako humu humu bondeni. Shida ya mtiki ni mafuta yake: usipoupaka gundi mara tu baada ya kuupiga randa, maungio hayashiki vema. Na tusichukue ubao mweupe wa nje ya gogo, kwani wadudu huupenda.

Wako wasemao fedha hizo zinunue vitabu. Nakubaliana nao nusu, na ndiyo sababu silitaki la kununua. Tumlipe seremala mmoja wa Ifakara atusimamie siku za Jumamosi, tununue mbao, bawaba na kioo kidogo, na jasho liwe letu. Mkondo wa amali ulianza Januari 2024, lakini sisi wa Kidato cha Nne tumesoma mtaala wa zamani; patasi na randa twazijua kwa majina kuliko kwa mikono. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Twaisoma, twajibu maswali yake, twapata maksi, kisha twaagiza kabati.

Ombi langu kwa Mkuu wa Shule na Bodi ni kwamba mbao zipatikane mapema muhula huu zikae ghalani, kwa maana ubao mbichi hupindika, na mtihani wetu wa mwisho ni Novemba. Ufunguo ukae kwa mwalimu wa maktaba, si kwa kiranja, kwani viranja hubadilika kila mwaka.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne