Bei za kupachika milango zaficha kazi tofauti

Mwenye nyumba anayemalizia vyumba vya kupangisha huko Kivule, Chanika au Bunju, jijini Dar es Salaam, hukutana na jambo moja linalomkera kila anayejenga. Huwaita mafundi seremala watatu, huwaonyesha milango ile ile na fremu zile zile, kisha hutajiwa bei tatu ambazo hazina hata undugu. Si ajabu bei ya juu kuwa mara tatu ya ile ya chini. Uamuzi wa haraka ni kwamba kuna mwizi kati yao, na anayeshukiwa daima ni yule wa bei ya juu.

Uamuzi huo mara nyingi si sahihi, na unawagharimu wawekezaji wadogo kuliko wanavyodhani. Kwa sehemu kubwa bei hizo hazipishani kwa sababu ya tamaa. Zinapishana kwa sababu kila fundi amepiga hesabu ya kazi yake, na mwenye nyumba hakusema ni kazi ipi anayoinunua.

Kupachika mlango ni jina moja lenye kazi nyingi ndani yake. Kuna kupima fremu kwa timazi, kuranda mlango mpaka ukae, kuchimbia bawaba, kutoboa nafasi ya kitasa, kufunga bamba la kitasa kwenye mwimo, kukata chini na kupiga msasa. Fundi mmoja amezihesabu zote. Mwingine amehesabu bawaba tu, na kitasa kwake ni mapatano mengine yatakayofanyika mlango ukiwa tayari unaning'inia, wakati mwenye nyumba hana tena nguvu ya kubishana.

Ugomvi mwingi huanzia kwenye fremu. Fremu za mbao kwa kawaida huwekwa na fundi mwashi wakati wa kujenga au kabla ya kupiga lipu, na seremala huja miezi kadhaa baadaye kukuta alichoachiwa. Mwimo ukiegemea upande sentimita 1 tu toka juu hadi chini, mlango hufunguka wenyewe au hujifunga wenyewe, na hakuna bawaba ya kuurekebisha. Fundi aliyekuja na timazi na kupima kila fremu kabla ya kutaja bei ameuona upotofu huo na ameutia kwenye hesabu. Yule aliyesimama mlangoni, akatazama kwa jicho na kusema bei, hakuuona. Atauona siku ya kazi, na hapo ndipo mwenye nyumba husikia yale maneno yanayojulikana: “Bosi, fremu hii imepinda, itabidi uniongeze.”

Kisha kuna sakafu. Hapa mwenye nyumba mwenyewe ndiye mkosaji mara nyingi. Kwa kuhofia wizi wa vifaa, hutaka milango ipachikwe mapema, kabla ya marumaru. Marumaru pamoja na gundi yake huinua sakafu kwa karibu sentimita 2, na mlango uliokuwa ukipita vizuri sasa unakwaruza. Lazima ushushwe, ukatwe chini na kurudishwa. Kazi hiyo haimo katika bei ya fundi yeyote asiyeambiwa kwamba marumaru bado. Aliyeuliza swali hilo kabla ya kutaja bei, na akaacha nafasi ya kutosha chini, alionekana ghali.

Mbao nayo ina neno lake. Mlango wa mninga au mkongo ni mzito, na mkongo kwa ugumu wake hula makali ya patasi na randa. Unahitaji bawaba tatu imara, na mtu wa kuushika wakati fundi anafunga skrubu. Mlango wa flashi wa chumba cha ndani fundi mmoja humudu bila taabu. Anayetoza bei moja kwa yote mawili ama hajui hesabu, ama anafidia huku kwa kule.

Hali ya hewa ya pwani ndiyo inayoumbua kazi ya haraka. Ubao haurefuki kwa kiasi cha kuonekana, lakini hutanuka kwa upana ukinywa unyevu na hunywea ukikauka. Mbao za msonobari kutoka misitu ya kupandwa kama Sao Hill, wilayani Mufindi, zikifika sokoni Buguruni au karakana za Keko kabla hazijakauka vya kutosha, mlango uliotengenezwa kwazo hupungua na kuacha nyufa kwenye maungio. Ule uliokauka vizuri ukapachikwa kwa kubana wakati wa joto la Januari hukwama masika yakiingia Machi. Fundi mzuri huacha nafasi ya kama milimita 3 pembeni na juu, kisha hupaka rangi au vanishi kwenye kingo zote, hata ukingo wa juu ambao mwenye nyumba haufikii kwa macho. Huo ni muda, na muda ni fedha. Atakayeruka hatua hiyo atakuwa nafuu, na hakuna atakayegundua hadi mvua zinyeshe.

Sasa liko suala ambalo wengi hulizungumza kwa kunong'ona, yaani cha juu. Fundi aliyebanwa kwenye ufundi hujifidia dukani. Huandika orodha ya vitasa, bawaba na skrubu, humpeleka mwenye nyumba kwenye duka la vifaa analolijua, au huomba apewe fedha akanunue mwenyewe, na tofauti hubaki mfukoni. Wenye nyumba huuita wizi. Wizi upo, lakini ni wizi ambao mnunuzi ameshiriki kuujenga. Ukimshusha mtu hadi bei isiyomlipa nauli, chakula na msaidizi, naye akakubali huku anatabasamu, ni vema kujiuliza anatabasamu kwa nini.

Ichukuliwe nyumba ya vyumba vya kupangisha yenye milango minane, kwa tarakimu za mfano tu. Fundi wa kwanza anataka Sh 20,000 kwa mlango, wa pili Sh 35,000, wa tatu Sh 60,000. Kwa milango yote ni Sh 160,000, Sh 280,000 na Sh 480,000. Anayechagua wa kwanza anahesabu kuwa ameokoa Sh 320,000 dhidi ya wa tatu. Milango hiyo inahitaji vitasa vinane na, kwa bawaba tatu kila mmoja, jozi 12 za bawaba. Cha juu kikiwa Sh 5,000 kwa kitasa na Sh 2,000 kwa jozi ya bawaba, ni Sh 64,000. Akiba imeshuka hadi Sh 256,000. Vyumba viwili vikichelewa kupangishwa mwezi mmoja kwa sababu milango haijifungi, na kila kimoja ni cha Sh 100,000 kwa mwezi, zinabaki Sh 56,000. Kitasa kimoja kilichochimbiwa vibaya kikaharibu mlango wa mninga, na hesabu yote inageuka hasara.

Hata hivyo haifai kuruka upande wa pili na kudhani bei kubwa ni dhamana ya ubora. Fundi mwenye kazi nyingi hutaja bei ya kukataa, kwa matumaini kwamba mteja ataondoka bila kinyongo, na akikubaliwa atampeleka kijana wake. Mwingine hutazama gari lililomleta mteja kabla ya kutazama fremu. Kinyume chake, fundi hodari kabisa anaweza kutaja bei ya chini kwa sababu shule zinafunguliwa na ada haijapatikana. Na mlango mmoja peke yake lazima uwe ghali kuliko mmoja kati ya minane, kwa kuwa nauli ya kubeba vyombo hadi Chanika ni ile ile. Nyumba isiyo na umeme inaongeza jenereta, au inarudisha kazi kwenye keekee ya mkono.

Kodi nayo huongeza pengo. Kampuni iliyosajiliwa kwa VAT kwa kawaida huweka asilimia 18 juu ya bei yake Tanzania Bara. Fundi wa mtaani, ambaye mauzo yake hayakaribii Sh milioni 200 kwa mwaka, kiwango cha usajili kilichowekwa mwaka 2023, hana sababu ya kuitoza. Mfanyabiashara aliyesajiliwa anayejenga ofisi au duka anaweza kuirejesha kodi hiyo kwa kufuata utaratibu, na kwake pengo hilo ni dogo kuliko linavyoonekana. Mjenzi wa kawaida hairejeshi.

Mchumi George Akerlof wa Marekani aliandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, ambako mnunuzi asiyeweza kutofautisha zima na bovu hulipa bei ya kati, na wenye magari mazima huondoka sokoni. Kazi hiyo ilimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Soko la mafundi wa Dar es Salaam lina ugonjwa uo huo. Mwenye nyumba asiyejua kusoma kazi huchagua kwa bei pekee, naye fundi anayepaka vanishi ukingo wa juu hana jinsi ya kulipwa kwa hilo. Baada ya kukosa kazi mara kadhaa ataacha kuupaka. Vyeti vya VETA, pamoja na utaratibu wake wa kurasimisha ujuzi wa waliojifunzia kazini, vinasaidia kujua nani anajua, lakini havisemi atafanya nini leo kwa bei hii.

Hivyo basi mwenye nyumba ndiye wa kuanza. Aache kuuliza “mlango mmoja shilingi ngapi?” Aandike kwenye karatasi moja: milango mingapi na ya mbao gani, fremu zimepimwa au la, marumaru yamewekwa au bado, kitasa kimo au hakimo, kingo zote zitapakwa, na nani atarudi masika yakiingia. Karatasi hiyo hiyo wapewe mafundi wote watatu. Bei zitasogeleana, na zile zitakazobaki mbali zitakuwa zimesema jambo. Vifaa anunue mwenyewe, baada ya kuulizia maduka mawili au matatu ya Gerezani, na ufundi aulipe kama ufundi.

Wapo wanaoshauri pia kuzuia sehemu ya malipo hadi mvua zipite, kama ifanywavyo katika mikataba mikubwa ya ujenzi. Kwa kampuni ni sawa. Kwa fundi anayelisha familia kwa ujira wa wiki, kuzuia moja ya kumi ya jasho lake kuanzia Januari hadi Mei ni kumkopa bila riba, na atakayekubali ataiongeza kwenye bei mapema. Iliyo bora ni kumlipa yote siku ya kukabidhi, na kuandika tangu mwanzo malipo ya safari moja ya kurudi mwezi Aprili, pamoja na nauli yake, aje na randa apitie milango yote minane siku moja.