TAARIFA YA TAWI: USALAMA WA NYUMBA ZA IBADA UINGIE KWENYE BAJETI



Mei 5, 2013 bomu lilirushwa Olasiti, Arusha, siku ya uzinduzi wa parokia. Watu 3 walifariki na makumi walijeruhiwa. Februari 1, 2020 watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye ibada uwanjani Moshi. Februari 2023 mtu alivamia Kanisa Kuu la Geita usiku na kuharibu vitu vitakatifu. Arusha na Moshi si mbali na Babati. Tahadhari kabla ya hatari.

*Msimamo wetu:* Serikali isaidie nyumba za ibada kwa huduma za usalama, si kwa saruji na mabati.

Kwa Katiba, nchi yetu haifungamani na dini yoyote. Lakini Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuhifadhiwa maisha yake, na Ibara ya 146 inazipa serikali za mitaa jukumu la ulinzi wa wananchi. Muumini haiachi haki hiyo mlangoni pamoja na viatu.

Tuambizane ukweli, wakiwemo viongozi wetu. Saruji ya harambee humpa mtoaji makofi, tena huenda kwa waumini wenye sauti. Taa ya barabarani iliyo kwenye bajeti ya Halmashauri ya Mji humulikia anayekwenda kuswali alfajiri na anayetoka mkesha, hata kama wanasali kwenye banda la mbao. Na hesabu yake hukaguliwa.

*Tunapendekeza:*
1. Taa kwenye njia za kwenda nyumba za ibada, kuanzia mitaa yenye giza.
2. Doria ya polisi Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na usiku wa mikesha, kupitia polisi kata.
3. Zimamoto wakague milango ya kutokea na nyaya za umeme, na waumini wasitozwe.

Wanachama, hudhurieni mikutano ya mitaa na hakikisheni hoja hii inaandikwa kwenye muhtasari. Kisichoandikwa hakipati kasma.

Walio kwenye kamati za misikiti na makanisa wasisubiri bajeti. Pangeni zamu za walinzi, msifunge milango ya pembeni wakati wa ibada, na bandikeni ukutani namba 112 ya Polisi na 114 ya Zimamoto. Hayo hayahitaji fedha ya Serikali.

Tusambaze ujumbe huu kwa mabalozi wote.

*Katibu wa Tawi*
Babati Mjini