Barua za Raia na Usalama wa Reli

Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1946, idara ya Serikali itakayo kuweka kanuni sharti kwanza itangaze, ipokee maoni ya watu, kisha ieleze sababu zake. Twaona jambo hili lawahusu makarani popote walipo.

Mwaka 2013, huko Lac-Mégantic, Kanada, treni ya mafuta iliyokuwa na mtumishi mmoja tu ilijiendea usiku ikaua watu 47. Mwaka 2016 idara ya Marekani isimamiayo reli ikapendekeza treni ziwe kwa kawaida na watumishi wasiopungua wawili. Mwaka 2019 ikaliacha pendekezo, tena ikatamka kwamba majimbo nayo yasitunge sheria za namna hiyo. Neno hili la pili raia hawakuulizwa. Vyama vya watumishi wa reli vikashitaki, na mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ikaitangua amri ile. Pendekezo likarudi mwaka 2022. Maoni zaidi ya 13,000 yakaandikwa, na kanuni ikatoka mwaka 2024.

Hatusemi kila barua ilikuwa na hekima. Lakini idara ilipaswa kuzijibu hoja kubwa kwa maandishi, na kazi hiyo, bila shaka, iliangukia makarani. Wanachama wetu wapokeao malalamiko ya umma na wafungue majalada yao: ni mangapi yaliyopigwa mhuri wa kupokewa, nayo hayajajibiwa?