Shamba lililopandwa na shamba lililovunwa

Juma lililopita tulikaa na wamama wa kikundi kimoja wanaokaanga maandazi sokoni. Walituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu palepale: kwa nini bei ya unga wa ngano inapanda hata mwaka ambao mvua imenyesha vizuri kwetu?

Jibu la haraka ni kwamba ngano hiyo si ya kwetu. Katika jimbo letu ngano inalimwa juu milimani, Lubero hasa, na Kongo yote haifikishi hekta 10.000 za ngano kwa mwaka. Walikale ni msitu na joto, ngano haikubali. Masisi baridi ipo, lakini milima yetu ni ya maharagi, viazi, mahindi na ng'ombe. Kwa hiyo mama anapokanda unga asubuhi anakanda jasho la mkulima asiyemjua.

Tukatafuta hesabu za FAO, lile shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, tukalinganisha nchi mbili za upande wetu wa Afrika: Kenya na Ethiopia. Mwaka 2000 Ethiopia ilivuna ngano kwenye hekta kama milioni moja. Miaka ishirini baadaye ilikuwa inakaribia milioni mbili. Kenya katika miaka hiyo yote imebaki palepale, ikipanda na kushuka kati ya hekta laki moja na laki moja na nusu hivi. Na watu wake hawakubaki palepale: waliohesabiwa mwaka 1999 walikuwa milioni 28,7, na mwaka 2019 wakawa milioni 47,6. Ndiyo maana sehemu kubwa ya ngano inayosagwa Kenya inashushwa na meli bandarini Mombasa. Mwaka 2022, vita ilipoanza Ukraine, bei ilipanda Mombasa, na ikapanda kwetu pia.

Kilichotushangaza ni nani anayelima. Kenya ngano nyingi iko kwenye mashamba makubwa ya Narok na Uasin Gishu, inavunwa kwa mashine. Ethiopia ni mamilioni ya familia zenye vishamba vidogo, wengi wakikata kwa mundu, baba, mama na watoto. Sisi tulikuwa tunadhani mashine ndiyo itakayokuwa mbele. Ukweli ni kwamba Ethiopia walipata mbegu zinazostahimili ugonjwa wa kutu na mbolea ikawafikia wengi, hata hekta moja iliyokuwa ikitoa chini ya tani moja na nusu ikaanza kutoa karibu tani tatu.

Lakini hesabu iliyotufanya tunyamaze mezani ni nyingine. Juu ya zile safu za tarakimu pameandikwa «eneo lililovunwa». Tukauliza, mbona si lililopandwa? Kumbe ni kwa makusudi. Shamba lililopandwa likaharibika, au ambalo mwenyewe hakurudi kulivuna, halihesabiwi. Kwenye karatasi ni kama halikulimwa. Tulifikiria Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, ambako vita ilianza mwezi wa 11 mwaka 2020, wakati ngano imeiva shambani.

Nani kati yetu hajui jambo hilo? Mwanzoni mwa Januari 2025 vita ilipofika Masisi-centre, maharagi ya msimu A yalikuwa tayari. Mwezi wa tatu ikafika Walikale. Kuna mama aliyeacha mahindi yamesimama, na kuna aliyerudi akakuta wengine wamevuna. Alinunua mbegu, aliinama na jembe, alipalilia na mtoto mgongoni. Ukimuuliza amevuna kiasi gani, atasema sifuri, na katika hesabu ya eneo lililovunwa hata lile shamba halionekani. Halafu mgawanyo wa mbegu unapopangwa kwa kufuata hesabu hiyo peke yake, yeye anaonekana kama mtu asiye mkulima. Hilo hatulikubali.

Tumeamua hivi. Kila kikundi kifungue daftari lenye safu mbili, kilichopandwa na kilichovunwa, shamba kwa shamba, pamoja na tarehe. Kamba ya mita 10 inatosha kupima: hekta moja ni mita 100 kwa 100, kwa hiyo kamba mara kumi upande huu na mara kumi upande ule. Shamba dogo lipimwe hivyo hivyo, urefu na upana. Pale safu ya pili inapokuwa ndogo kuliko ya kwanza, mwandike sababu kwa maneno machache: mvua ya mawe, ng'ombe waliingia, tulikimbia. Mama asiyejua kuandika asimame karibu na binti yake, ataje mwenyewe. Asiandikiwe na mtu ambaye hakufika shambani.

Majina ya wenye mashamba yabaki ndani ya kikundi, kwetu mlete jumla tu. Tutaanza na msimu B, na tutapokea madaftari ya kwanza baada ya mavuno ya mwezi wa saba. Na wale wamama wa maandazi walituambia wameanza kuchanganya unga wa muhogo na ule wa ngano. Tulionja. Chumvi ilizidi kidogo, lakini sahani ilirudi tupu.