Besiboli: Lawama za mlinzi huanzia benchi

KILA fainali za besiboli nchini Marekani zinapotamatika, mashabiki hurejelea mjadala wa miaka nenda miaka rudi: ni mlinzi yupi aliyeokoa taji, na ni yupi aliyelipoteza?

Fainali za 2025 ziliupa mjadala huo kielelezo kipya. Zikilinganishwa na zile za 1986, zinadhihirisha kwamba sifa na lawama anazopewa mlinzi mmoja aghalabu huwa ni matunda ya uamuzi wa kocha.

Kwa asiyeuzoea mchezo huu, timu mbili hupokezana zamu ya kuupiga mpira kwa gongo na zamu ya kulinda uwanja. Mpigaji hupata alama akizunguka vituo vitatu na kurejea alikoanzia, yaani nyumbani. Mpira ukidakwa kabla ya kugusa ardhi, mpigaji ametolewa. Wakitolewa watatu, zamu imekwisha. Mechi huwa na awamu tisa, na bingwa ni timu inayotangulia kushinda mechi nne kati ya saba.

Turejee Oktoba 25, 1986, katika uwanja wa Shea jijini New York. Boston Red Sox, ambao hawakuwa wameonja ubingwa tangu 1918, waliongoza wenyeji Mets kwa mechi 3-2. Katika awamu ya 10 ya mechi ya sita walikuwa mbele 5-3, na walihitaji kumtoa mchezaji mmoja tu watawazwe mabingwa.

Mets walipiga mipira mitatu mfululizo iliyowafikisha wapigaji wao vituoni, na pengo likapungua hadi 5-4. Mrushaji Bob Stanley naye akarusha mpira uliompita mdakaji wake, matokeo yakawa 5-5.

Ni baada ya hayo yote ambapo Mookie Wilson aliuchapa mpira uliobingirika kuelekea kituo cha kwanza, ukapita katikati ya miguu ya Bill Buckner. Ray Knight akatimka hadi nyumbani na Mets wakashinda 6-5. Siku mbili baadaye walishinda pia mechi ya saba na kutwaa taji.

Buckner alibebeshwa mzigo wote. Ilisahaulika kwamba ushindi ulikuwa umekwisha kuponyoka kabla ya mpira kumfikia. Ilisahaulika pia kwamba Red Sox waliongoza 3-0 katika mechi ya saba na bado wakapoteza.

La kusikitisha zaidi ni lile lililotendeka benchi. Buckner alikuwa na umri wa miaka 36 na vifundo vya miguu vilivyomtatiza mno. Katika mechi za awali za fainali hizo, Red Sox walipokuwa wakiongoza, kocha John McNamara alizoea kumpumzisha dakika za mwisho na kumwingiza Dave Stapleton kuimarisha ulinzi. Usiku huo hakufanya hivyo.

Sasa tutazame mechi ya saba ya Novemba 1, 2025, jijini Toronto, Kanada. Los Angeles Dodgers na wenyeji Blue Jays walikuwa sare 4-4 katika awamu ya tisa. Vituo vyote vitatu vilikuwa na wakimbiaji wa Blue Jays, na ni mchezaji wao mmoja pekee aliyekuwa ametolewa. Alama moja tu ingewapa ubingwa.

Daulton Varsho aliuchapa mpira chini kwa chini. Miguel Rojas aliuzoa na kuurusha nyumbani, mkimbiaji akatolewa kwa tofauti ndogo mno. Kisha Ernie Clement akaupiga mbali hewani. Andy Pages alikimbia, akagongana na mwenzake Enrique Hernández, na bado akaudaka.

Pages hakuanza mechi hiyo. Kocha Dave Roberts alimwingiza katika awamu hiyo hiyo ili kuimarisha ulinzi. Dodgers walishinda 5-4 katika awamu ya 11 na kuhifadhi taji lao.

Hata udakaji unaosifiwa kuliko yote, wa Willie Mays mnamo Septemba 29, 1954, haukutosha peke yake. Mays wa New York Giants alikimbia akiwa ameupa mgongo mpira wa Vic Wertz wa Cleveland, akaudaka zaidi ya mita 120 kutoka nyumbani, kisha akageuka na kuurusha upesi. Larry Doby, aliyekuwa kituo cha pili, alisogea kituo kimoja tu.

Lakini mechi ilibaki sare 2-2. Iliamuliwa katika awamu ya 10, pale kocha Leo Durocher alipomtuma mchezaji wa akiba, Dusty Rhodes, naye akaupiga mpira ukavuka ua. Giants walishinda 5-2.

Hatusemi kwamba wachezaji hawana hatia kamwe. Oktoba 30, 2024, New York Yankees waliongoza Dodgers 5-0. Aaron Judge akaangusha mpira mwepesi, Anthony Volpe akarusha vibaya, na Gerrit Cole hakukimbia kulinda kituo cha kwanza. Alama zote tano zilirudi, na taji likaenda. Hakuna kocha awezaye kumkimbilia mchezaji wake.

Hata hivyo, mkono mmoja haulei mwana, wala haumwui. Buckner alipiga mipira 2,715 ya kumfikisha kituoni katika misimu 22, lakini akakumbukwa kwa mmoja uliompita. Mashabiki wa Boston walimshangilia kwa heshima mwaka 2008 aliporudi uwanjani kwao, na machozi yakamtoka. Alifariki 2019.

Miaka 22 ilikuwa imepita kabla ya shangwe hizo. Kocha ambaye hakumpumzisha hakuzomewa hata nusu yake.